Jungu Kuu Halikosi Ukoko: Mabaki ya Jikoni, Mbwa wa Shamba na Kazi ya Shule

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe, ugali unapokwisha kupakuliwa jioni, hubaki chini ya sufuria kitu ambacho watu wachache hukipa thamani, nacho ni ukoko. Sufuria hutiwa maji, ukoko hulainika, kisha hukwanguliwa na kumwagwa nyuma ya jiko, ambako mbwa wa nyumba tayari anangoja. Pamoja na ukoko huenda vichwa vya dagaa, miiba ya samaki, maganda ya mihogo na, siku ya sikukuu, mifupa ya kuku. Mara nyingine huongezwa punje za mahindi zilizochambuliwa kwa sababu zimeota ukungu. Kanuni inayofuatwa ni moja, nayo haijaandikwa popote: kisichomfaa mtu kitamfaa mbwa.

Kanuni hiyo ina nusu ya ukweli na nusu ya hatari. Nusu ya ukweli ni kwamba mabaki mengi ya jikoni ni chakula halisi, nayo yakitengenezwa kwa akili huweza kumlisha mbwa vizuri bila kugusa unga wa watoto. Nusu ya hatari ni kwamba baadhi ya mabaki hayo ni sumu, na mengine ni njia ya kurudisha ugonjwa nyumbani kwa mwenye mbwa. Kazi ya kutenganisha nusu hizo mbili ni kazi ya sayansi, na mahali pa kuifanyia ni shule ya sekondari. Vifaa vyake viko katika kila jiko.

Mbwa wa nyumbani na wanga

Wako wanaodhani kwamba mbwa ni mla nyama tu, na kwamba kumpa ugali ni kumdhulumu. Elimu ya viumbe haikubaliani nao. Mwaka 2013 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na wanasayansi wa Sweden kilieleza katika jarida la Nature tofauti iliyopo kati ya mbwa wa nyumbani na mbwa-mwitu wa nchi za kaskazini, jamaa yake wa karibu. (Huyo si mbwa-mwitu wa mbuga za Tanzania, ambaye ni mnyama wa jenasi nyingine.) Mbwa-mwitu huyo wa kaskazini huwa na nakala 2 tu za jeni inayotengeneza amilesi ya kongosho, yaani kimeng'enya kinachovunja wanga. Katika mbwa wa nyumbani watafiti walikuta nakala kuanzia 4 hadi 30.

Maana ya hesabu hiyo ni kubwa. Mbwa aliishi na wakulima, akala makombo ya wakulima, na katika vizazi vingi mwili wake ukabadilika ukafuata jiko lao. Kwa hiyo mbwa wa Handeni anayekula ukoko wa ugali hali chakula kigeni kwake. Hata hivyo ukoko peke yake haumtoshi. Mahindi yana wanga mwingi, lakini protini yake ni kidogo tena ina upungufu, na kalsiamu yake ni haba. Ndiyo maana vichwa vya dagaa, ambavyo wapishi wengi huvitupa, ni mali: vina protini, na mifupa yake midogo na laini ina kalsiamu. Ukoko na vichwa vya dagaa vikikutana katika chungu kimoja, kila kimoja hujaza pengo la mwenzake.

Mabaki yasiyofaa

La kwanza ni mahindi yenye ukungu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu huoza, na ndani ya kuoza huko huweza kukua kuvu waitwao Aspergillus flavus, ambao hutoa sumu ya aflatoksini, mojawapo ya zile ambazo wataalamu wa Tanzania huziita sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini. Moto wa jikoni hauimalizi: ugali uliopikwa kwa mahindi mabovu hubaki na sumu, na ukoko wake vilevile.

Inafaa kukumbuka jinsi sumu hiyo ilivyogunduliwa. Mwaka 1960 batamzinga wapatao 100,000 walikufa huko Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi uliishia kwenye mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu. Basi elimu ya aflatoksini ilianzia katika banda la ndege, kwenye chakula cha mifugo. Mbwa nao hawakusalimika: mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021, huko Marekani, zaidi ya mbwa 100 waliripotiwa kufa baada ya kula chakula cha dukani kilichokuwa na aflatoksini. Na Tanzania yenyewe ina msiba wake. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu zaidi ya 60 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na wapatao 20 wakafariki. Manyara inapakana na Tanga.

Basi anayechambua punje mbovu ili watoto wasizile, kisha akamwagia mbwa na kuku, amefanya nusu tu ya kazi njema. Mbwa ataumia ini. Kuku atadumaa. Ng'ombe akipewa chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hutokea katika maziwa, na maziwa hurudi mezani. Punje hizo hazina mlaji, na hapana budi zizikwe.

La pili ni maganda ya mihogo mibichi, hasa ile michungu. Mhogo una linamarini, ambayo chembe za mmea zinapovunjwa hutoa sianidi, na katika maganda sumu huwa nyingi kuliko katika nyama ya mhogo. Akina mama wanaomenya, kuloweka na kuanika mihogo michungu wanaondoa sumu hiyo kwa ustadi wa zamani sana. Haifai ustadi huo uishie kwa watu, na maganda mabichi yakaachwa kwa mnyama aliyefungwa ambaye hana kingine cha kula.

La tatu ni vitunguu, viwe vya maji au vya thaumu. Ndani yake mna viini vya salfa vinavyoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mchuzi uliobaki, ambao binadamu angeuita mtamu, si wa kummiminia mbwa ovyo. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha, na huweza kutoboa utumbo. Haya yawafikie hasa wenye migahawa ya stendi ya Korogwe, ambako abiria huacha sahani zenye mifupa na mchuzi, na mbwa hujaa nyuma ya majiko.

La nne ni baya kuliko linavyoonekana, nalo ni mapafu na maini mabichi yenye uvimbe wa maji, ambayo wachinjaji huyatupia mbwa. Uvimbe huo huweza kuwa na viluwiluwi vya tegu mdogo aitwaye Echinococcus granulosus. Mbwa akila, tegu hukomaa katika utumbo wake, na mayai yake hutoka na kinyesi. Mtoto anayecheza mahali hapo, au mboga zisizooshwa, huyapeleka mayai hayo kinywani, na baada ya miaka uvimbe kama ule wa mbuzi hukua katika ini au pafu la mtu. Mbwa mwenyewe huonekana mzima.

Kisa cha Iceland kinafaa kusimuliwa darasani. Katika karne ya 19 ugonjwa huo ulikuwa mzigo mkubwa katika kisiwa hicho cha wafugaji wa kondoo. Mwanasayansi wa Denmark, Harald Krabbe, alichunguza mbwa wa huko, akaonyesha chanzo, na mwaka 1864 kikatolewa kijitabu kilichosambazwa kwa wananchi kuwaeleza waache kuwapa mbwa viungo vibichi vyenye uvimbe. Sheria zilifuata baadaye, lakini kijitabu kilitangulia. Watu walisoma, wakaelewa, wakabadili desturi ya siku ya kuchinja, na vizazi vichache baadaye ugonjwa ukatoweka. Jambo lililofanywa na wakulima na wavuvi wanaosoma haliwezi kuwashinda wanafunzi wa Handeni.

Kipande cha ukoko na kamba ya mbwa

Kufikia hapo msomaji huenda akauliza: hata kama mabaki ni chakula, kuna haja gani ya kuyaoka yakawa vipande vikavu? Je, si anasa ya watu wa mijini wanaowavalisha mbwa nguo?

Jibu liko katika ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia. Karibu wote huambukizwa kwa kuumwa na mbwa, na wengi ni watoto. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Kinga yake inajulikana tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa, mwaka 1885. Wataalamu wamekubaliana kwamba mbwa wasiopungua asilimia 70 wakichanjwa katika eneo, na kazi hiyo ikirudiwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Kikwazo kimoja hakimo katika chupa ya dawa. Mbwa wengi wa shamba hawajawahi kushikwa. Kazi yao ni kubwekea nguruwe na nyani katika mahindi, na kulinda zizi usiku. Kamba hawaijui, na mkono wa mtu wanaujua kwa jiwe. Siku ya chanjo mwenye mbwa huja mikono mitupu na kusema mbwa amekimbilia porini. Chanjo ipo, mtaalamu yupo, mbwa hayupo.

Hapa ndipo kipande kikavu cha ukoko na dagaa kinapopata heshima yake. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa umeng'enyaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kupata chakula baada ya ishara fulani huanza kutoa mate kwa ishara yenyewe. Jambo hilo limo katika vitabu vya biolojia, na wanafunzi hulikariri kwa ajili ya mtihani. Nyuma ya nyumba wanaweza kuliona kwa macho. Mbwa akiitwa kwa jina, akapewa kipande. Akivishwa kamba kwa muda mfupi, akapewa kipande. Akishikwa shingoni na mgongoni na mtu wa nyumbani, akapewa kipande. Basi baada ya majuma machache kamba itakuwa ishara ya chakula. Mbwa huyo atafika kwenye chanjo akitembea. Ugali laini hauwezi kufanya kazi hiyo, kwa kuwa hauchukuliki mfukoni na huchacha. Kipande kikavu huchukulika na hukaa.

Tahadhari haina budi kutajwa papo hapo. Mafunzo haya ni kwa mbwa wa nyumbani anayejulikana, tena mtu mzima akiwapo. Mbwa mgeni, au mbwa aliyebadilika tabia ghafla, asikaribiwe. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile, hata kama jeraha ni dogo.

Namna ya kutengeneza

Vitu vinavyohitajika ni vikombe 2 vya ukoko wa ugali wa siku hiyohiyo, nusu kikombe cha vichwa vya dagaa, na nusu kikombe cha mchicha au matembele yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi walowekwe katika maji ya moto, na maji hayo yamwagwe. Vichwa vichemshwe, vitwangwe katika kinu, kisha vichanganywe na ukoko na majani mpaka viwe kinyunga kigumu. Maji yasiongezwe ila kwa lazima.

Kinyunga hutandazwa katika sufuria pana, unene usiozidi upana wa kidole kidogo, kikakatwa kwa kisu vipande vya ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Sufuria hufunikwa, makaa machache yakawekwa chini na machache juu ya kifuniko, kama afanyavyo anayeoka mkate bila tanuri. Moto uwe mdogo. Vipande vikishashikamana hugeuzwa na kuachwa vikauke, kisha huanikwa juani chini ya kitambaa cha kuzuia inzi. Kipande kilichokauka sawasawa hukatika kwa mlio. Kikipinda, bado kina maji. Vihifadhiwe katika kopo lenye kifuniko na viishe ndani ya juma moja. Kikionekana kimeota ukungu, kopo zima limwagwe shimoni. Vipande hivi ni vya kufundishia, visizidi sehemu moja ya kumi ya mlo wa mbwa kwa siku.

Katika kazi hiyo ndogo mwalimu atapata mazoezi ya kutosha kwa wiki kadhaa. Matone ya ayodini juu ya ukoko yatageuka buluu-nyeusi na kuonyesha wanga. Jaribio la biureti kwenye supu ya dagaa litatoa rangi ya zambarau na kuonyesha protini. Vipande vikipimwa uzito kabla na baada ya kuanikwa, hesabu itaonyesha kiasi cha maji kilichoondoka, na mjadala wa kwa nini kuvu hushindwa kukua pasipo maji utakuja wenyewe.

Zoezi la mwisho lifanywe kwa mahindi ya ghala la nyumbani. Chupa ya kioo iliyo kavu kabisa ijazwe mahindi mpaka theluthi moja, itiwe vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, ifungwe, itikiswe vizuri, kisha iachwe kwa robo saa. Chumvi ikigandama ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi na hayafai kuwekwa. Yaanikwe tena, juu ya turubai, si juu ya udongo. Mwanafunzi atakayelipeleka jaribio hilo nyumbani atakuwa ameanza na chakula cha mbwa na kuishia kulinda chakula cha watu.

Pingamizi mbili

Wako watakaosema kwamba ni aibu kuzungumzia chakula cha mbwa katika wilaya ambayo mvua ikikosekana watu hukosa chakula. Pingamizi hilo lina uzito na halijibiwi kwa dhihaka. Hakuna punje moja ya mahindi mazuri inayoombwa hapa. Kinachoombwa ni kile ambacho tayari kinamwagwa, kitengenezwe kabla hakijamwagwa. Mwaka wa njaa ukoko utaliwa na watu, na ndivyo ipasavyo. Lakini hata mwaka huo mbwa atakuwapo, mahindi shambani yatahitaji mlinzi, na kichaa cha mbwa hakitaahirisha safari yake. Anayepima gharama na apime pia gharama ya mtoto mmoja aliyeumwa: sindano kadhaa, nauli za kwenda na kurudi mjini, na siku za kazi zilizopotea, endapo amewahi.

Wengine watakumbusha kwamba jamii nyingi za Handeni na Korogwe ni za Kiislamu, na kwamba katika madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi. Ni kweli, na hakuna kinachopingana. Dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba. Mbwa awe na chombo chake nje, kipande kirushwe chini badala ya kulishwa mkononi, na anayemshika ajitwaharishe kama alivyofundishwa. Mwalimu wa biolojia, akikumbuka mayai ya tegu, ataunga mkono kila neno: chombo cha mbwa mbali, mikono ioshwe, watoto wasilambwe uso.

Kazi inayowezekana

Tarehe 28 Septemba huadhimishwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895. Shule ikianza mafunzo mwezi Julai, baada ya mavuno, mahindi yatakuwa yamepimwa kwa chupa na chumvi, ukoko utakuwa umeokwa, na mbwa watakuwa wameizoea kamba kabla ya siku hiyo. Kila mwanafunzi mwenye mbwa aandike katika daftari lake mambo matatu: mbwa alipewa nini, kilichozuiliwa ni nini na kwa sababu gani, na je, siku ya chanjo alifika. Mwalimu akijumlisha madaftari hayo, kijiji kitajua idadi ya mbwa wake na sehemu iliyochanjwa. Hesabu hiyo apewe mtaalamu wa mifugo wa kata, ambaye ataitumia mwaka unaofuata kujua ni dozi ngapi za kuomba.

Jungu kuu halikosi ukoko, na ukoko huo umekuwa ukikwanguliwa na kumwagwa kila jioni mbele ya macho ya wanafunzi wanaosoma wanga, protini na vimeng'enya. Anayejua yaliyomo katika ukoko huo, na yasiyopaswa kuwamo, amekwisha kuanza kusoma sayansi ya nyumbani kwake. Kilichosalia ni kumvisha mbwa kamba na kumpeleka kwenye chanjo.